Kiuno cha Bingwa

Mimi ni bondia mstaafu. Nalisema mapema ili usije ukalisikia kwa watu wa Msimbazi, maana wao huliongezea chumvi. Nilipanda ulingoni mara nne, nikashindwa mara tano. Hiyo ya tano nilishindwa kwenye mizani. Nilikuwa nimejinyima chakula na maji ili nifikie uzito, nikapanda, nikasikia mtu anasoma namba, na nilipofumbua macho nilikuwa nimelazwa sakafuni, mpinzani wangu ananipepea kwa gazeti. Wakamtangaza mshindi hapohapo, gazeti likiwa bado mkononi. Nikarudi kwenye kazi aliyonifundisha marehemu baba, kushona mikanda na mabegi, na ndiyo inayonilisha mpaka leo.

Jina langu Zahoro, ingawa Kariakoo yote inaniita Fundi Mkanda. Kibanda changu kiko chini ya ngazi za jengo la ghorofa, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, kati ya muuza masufuria na dada anayeuza vifuniko vya simu. Ukiingia unainama, na ukitoka unainama. Mimi huwa nakumbuka kuinama wakati wa kuingia tu. Ndiyo maana nina kovu kwenye paji la uso ambalo wageni hudhani nililipata ulingoni, na sijawahi kumsahihisha hata mmoja.

Kilichonipa jina si mikanda ya suruali, ni mikanda ya ubingwa wa ngumi za kulipwa. Mapromota ninaowashonea, kila mmoja ana shirika lake, na kila shirika lina rais, katibu, muhuri na mkanda. Rais wa shirika hili ni katibu wa lile, na katibu wa hili ni shemeji wa rais wa lile. Nimeshona mkanda wa Bingwa wa Pwani na Visiwa, nimeshona wa Bingwa wa Maziwa Makuu na Madogo, na mwaka mmoja nilishona wa Bingwa wa Mabara Yote Isipokuwa Moja. Niliuliza hilo moja ni lipi, nikaambiwa bado wanajadiliana.

Jioni tukikaa kijiweni kunywa kahawa, mjadala ni uleule. Wenzangu wanasema ngumi zinahitaji chombo kimoja kikuu, kinachosajili mabondia wote, kinachoteua majaji, kinachopokea malalamiko na kutoa mkanda mmoja unaoeleweka, la sivyo rushwa haitakwisha. Mimi nilikuwa mpinzani wao mkubwa. Nilikuwa nasimama na kikombe mkononi nawaeleza kwamba chombo kimoja kikioza, basi kimeoza chote, afadhali viwe vingi uchague. Walikuwa wananisikiliza kwa heshima, kwa sababu ya kovu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nahofia tumbo langu. Chombo kimoja ni mkanda mmoja. Wao wakitaka kimoja, mimi nilikuwa nataka kumi na vinne.

Sasa lazima nikueleze ninavyofanya kazi, maana balaa lote lilianzia hapo. Mafundi wengine wakishona mkanda wa ubingwa hupanga vifungo vingi nyuma, mnene na mwembamba wote wauvae. Mkanda wa namna hiyo ukimkaa mtu mwembamba, ncha inaning'inia pembeni, na kwenye picha bingwa anaonekana kama kaazima nguo ya kaka yake. Mimi siwezi kuvumilia kitu kama hicho. Mimi naweka kifungo kimoja tu, na ngozi naikata kwa kiuno cha mvaaji. Mapromota wanaupenda mkanda wangu kwa sababu unakaa vizuri kwenye picha.

Lakini ili nikate, sharti nipewe kiuno. Na mkanda sharti uwe tayari kabla ya pambano.

Ukilifikiria jambo hilo kwa dakika moja utagundua kitu ambacho mimi kilinichukua miaka kukigundua. Wiki mbili kabla ya kila pambano promota alikuwa ananiletea bondia mmoja nimpime. Mmoja, si wawili. Na kila mara aliyepimwa ndiye alikuwa anashinda. Nilidhani mapromota wana jicho la kutambua vipaji. Niliwahi hata kuwasifia kijiweni. Siku moja nikamuuliza Bwana Samson, promota mnene anayevaa suti ya kijivu hata kukiwa na jua la kuchemsha maji, "Bosi, na akishinda mwingine?" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Fundi," akasema, "wewe shona."

Nikashona.

Dada yangu Moza anaishi Mchafukoge, na ana binti mmoja, Mwanne. Mwanne alikulia kibandani kwangu. Akitoka madrasa alikuwa anakuja kunishikia ncha ya futi ya kupimia wateja, na alikuwa mkali: mteja akivuta tumbo ndani, yeye humwambia, "Pumua, nataka kiuno chako cha kweli." Alikuwa na miaka saba. Alipokua akaajiriwa duka la vitenge la jumla, Mtaa wa Kongo, kazi ya kupandisha na kushusha majora, na asubuhi kabla ya kazi akawa anaenda kufanya mazoezi ya ngumi. Moza alilia. Akaniambia mimi ndiye niliyemharibu mtoto kwa hadithi zangu. Nilimjibu kwamba mtu aliyesikia hadithi zangu zote hawezi kutamani ngumi hata kidogo.

Mwanne ni mrefu, mwembamba, na mkono wake wa kushoto unafika mbali. Hakurithi kwetu. Alishinda mapambano yake madogo moja baada ya jingine, akawa anaota mkanda. Hakuwa na shida ni wa shirika gani. Alitaka mkanda ulioshonwa na mjomba wake, na auvae kwa haki.

Bwana Samson alikuja siku soko limechangamka, akajigonga kwenye ngazi kama wote. Nyuma yake alikuwa dada mmoja mfupi, mwenye mabega na kiuno cha kujitosheleza, na uso mpole.

"Fundi, mambo?"

"Poa, bosi. Karibu."

"Huyu anaitwa Jacqueline. Mpime. Pambano la ubingwa mwisho wa mwezi, raundi nane."

"Anapigana na nani?"

"Kuna kabinti kamoja kanauza vitenge huku huku kwenu. Mwanne sijui nani."

Nilikuwa nimeshaizungusha futi kiunoni kwa Jacqueline. Nikaisoma, nikaisoma tena, nikamtajia Bwana Samson namba kwa sauti ya kawaida kabisa. Hakujua kwamba Mwanne ni damu yangu, na mimi sikumwambia. Jacqueline akaniamkia, "Shikamoo, mzee," wakati wa kuondoka. Nilimwitikia marahaba, nikakaa chini.

Kuna watu wangemwendea Mwanne usiku huohuo. Kuna wengine wangeitisha waandishi wa habari. Mimi nilikunywa chai. Nilijiambia nikimweleza atavunjika moyo, na Moza atalia tena. Na kusema kweli nilijiambia pia kwamba Bwana Samson ndiye mteja wangu mkubwa. Nikazunguka na jambo hilo siku nzima, na kesho yake nikapata ujasiri wa ajabu. Nikachukua ngozi, nikachukua mkasi, nikaukata ule mkanda kwa kiuno cha Mwanne. Sikuhitaji kumpima, kiuno chake nakijua.

Wenzangu hupinga dhuluma kwa maandamano. Mimi niliipinga kwa mkasi, mlango umefungwa. Nilijiona mtu hatari sana. Nilijiambia, si wanataka chombo kikuu cha kusimamia ngumi? Basi ni mimi hapa, chini ya ngazi.

Pambano lilikuwa Jumapili alasiri. Ukumbi ulijaa watu wa Kariakoo, nusu yao wateja wa vitenge. Mwanne alipigana vizuri kuliko nilivyowahi kuota kupigana. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatangulia, unamkera Jacqueline machoni, wa kulia unafuata. Raundi ya tano Jacqueline akakaa chini. Mwamuzi akasema ameteleza, ingawa ulingo ulikuwa mkavu kama unga. Naye Jacqueline hakuwa mtu wa mchezo. Alipoamka alirusha makonde mazito, na mawili yalimpata Mwanne shavuni hadi nikafumba macho. Lakini raundi nane zilipokwisha hapakuwa na mtu ukumbini aliyekuwa na shaka, isipokuwa majaji watatu.

Wakamtangaza Jacqueline.

Watu wakazomea. Bwana Samson akapanda na mkanda wangu, bamba lake la dhahabu linametameta, pamoja na rais wa shirika. Wakamzungushia Jacqueline. Haukufika. Bwana Samson akavuta, Jacqueline akavuta tumbo, rais akavuta upande wa pili. Ilibaki shubiri nzima. Mwisho rais akajikunyata nyuma ya bingwa, akazishika ncha mbili kwa mikono yake ili wapiga picha wafanye kazi. Ukitazama zile picha utaona bingwa ana miguu minne.

Mtu mmoja juu kabisa akapaza sauti, "Mpeni mwenye kiuno chake!" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Na mimi nilicheka, nilisimama juu ya kiti nikacheka kuliko wote, nikimgonga jirani yangu begani namwambia, "Kazi yangu hiyo! Kazi yangu!"

Kisha nikamwona Mwanne. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa kwenye kona yake, shavu limevimba, anautazama ule mkanda. Halafu akaanza kutafuta kwenye viti, mstari kwa mstari, mpaka akanipata nimesimama juu ya kiti changu. Nikashuka.

Nilimkuta kwenye benchi la nyuma, ameshika barafu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umepigana..."

"Mkanda ule ni kiuno changu."

"Ndiyo."

"Na wewe hukati mpaka uletewe mtu umpime. Walikuletea nani?"

Nilitazama viatu vyangu. Viatu vizuri, nimevishona mwenyewe.

"Walimleta Jacqueline," akajijibu. "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua kiuno tu, Mwanne. Matokeo hawakuniambia."

Alinitazama kwa jicho lake moja lililokuwa bado linafunguka vizuri. "Raundi nane, Mjomba," akasema. "Nimepigwa raundi nane, na wewe ulikuwa unajua." Kisha akainuka na barafu yake akaenda kwa mama yake.

Sina cha kuchekesha cha kusema hapo. Niliona aibu, na bado naiona. Nilidhani nimepigana vita, kumbe aliyepigwa ni mtoto, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha watazamaji nasubiri sifa za ushonaji.

Mwanne akaenda kulalamika. Rais wa shirika akamwambia malalamiko yanapitia kwa promota. Promota akamwambia yeye hahusiki na majaji. Majaji wakasema wao walikodiwa kutoka shirika jingine, na shirika hilo jingine, lenye ofisi nyuma ya Posta, likasema pambano halikuwa lao, hivyo haliwezi kulizungumzia hata kama lingetaka. Alizunguka hivyo hadi nauli ikamchosha. Jioni moja nikasimama kijiweni na kikombe changu nikatangaza kwamba nimehama upande, na mimi sasa nataka chombo kimoja. Wakanipigia makofi. Kisha mmoja akauliza nani akiongoze, na kila aliyekuwepo akajitolea. Kahawa ikaisha hatujapata mwenyekiti.

Kabla mwezi uliofuata haujaisha Bwana Samson akaja tena, akajigonga tena.

"Fundi, ulikosea kipimo."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusimama na kumwambia ukweli machoni. "Nilikosea, bosi," nikasema. "Nisamehe. Nitakurekebishia bure."

Lakini hakuwa na hasira. Video ya bingwa mwenye miguu minne ilikuwa imezunguka kwenye simu za nchi nzima, na watu walikuwa wanadai marudiano. "Ukumbi mkubwa zaidi," akasema, "na wanamtaka yule mwembamba. Ndo biashara sasa. Safari hii shona kwa kiuno chake."

"Cha nani?"

"Cha Mwanne. Kipimo si unacho?" Akanikonyeza, akatoka akicheka.

Safari hii sikunywa chai. Nilikwenda moja kwa moja Mtaa wa Kongo, nikamkuta Mwanne anakunja vitenge. Alikuwa ameanza kunisalimia, lakini salamu fupi fupi. Nikamweleza yote nimesimama, hata kuomba kiti sikuomba. Alimaliza kwanza jora lote.

"Jacqueline anajua?"

"Sidhani. Hata mara ya kwanza hakujua, ndiyo maana aliniamkia kwa adabu vile."

"Usikate," akasema. "Njoo na ngozi nzima, na futi, na mkasi. Utakata palepale."

"Na bosi akiniuliza?"

"Mwambie unaogopa kukosea tena. Atakuamini, si anakujua."

Alikuwa na haki ya kunisema hivyo. Bwana Samson akaniamini kweli, tena akaipenda hiyo, akasema kumkatia bingwa mkanda mbele ya kamera ni kitu kipya.

Ningependa kukuambia kwamba kwenye marudiano Mwanne alimsambaratisha mwenzake, hadithi ikaisha kwa vigelegele. Haikuwa hivyo. Jacqueline alikuwa amejifunza. Aliinama chini ya ule mkono mrefu, akaingia ndani, akampiga Mwanne mbavuni raundi baada ya raundi. Mwanne alikataa kuanguka, na hilo ndilo pekee alilolipata siku ile. Hata mimi, bingwa wa kushindwa, niliona. Kushindwa nakufahamu nikikuona kwa mbali.

Majaji wakamtangaza Mwanne. Wote watatu.

Safari hii waliozomea walikuwa wachache, maana ukumbi ulikuwa wake. Bwana Samson akanipungia mkono nipande. Mara ya mwisho nilipozipita kamba zile nilikuwa nimebebwa, kwa hiyo sikujua vizuri mguu gani unatangulia. Nikanasa, nikang'ang'ana, nikaingia kwa kichwa, ngozi shingoni, mkasi mdomoni. Watu wakacheka. Bwana Samson akaninong'oneza, "Fanya fasta, fundi, kamera."

Mwanne akaichukua futi mkononi mwangu. Akashika ncha yake, vilevile kama zamani akitoka madrasa. Nikasogea kumzungushia. Yeye akavuka ulingo mzima, futi inafuata na mimi nafuata futi, akaenda akaiweka ile ncha kiunoni kwa Jacqueline.

"Mpime huyu, Mjomba."

Bwana Samson akaja mbio na suti yake. "We binti, bingwa ni wewe. Kanuni haziruhusu hiki kitu."

"Kanuni zipi?" Mwanne akauliza. "Nionyeshe."

Bwana Samson akamgeukia rais wa shirika. Rais akajipapasa mifuko ya koti, ya kulia, ya kushoto, akapapasa na ya suruali. Watu walipoanza kucheka, nikapiga goti nikaanza kupima. Jacqueline alikuwa ameinua mikono juu, machozi yanamtoka, na amevuta tumbo ndani kwa nguvu zake zote, akikumbuka ya mara ile.

"Pumua," Mwanne akamwambia. "Anataka kiuno chako cha kweli."

Akapumua. Nikasoma, nikakata, nikapigilia kifungo kwenye sakafu ya ulingo, na mkanda ukamkaa Jacqueline hadi leo. Kwenye karatasi za shirika lile bingwa ni Mwanne. Ukimwuliza mtu yeyote wa Kariakoo, atakuambia ni Jacqueline. Hakuna wa kuamua kati ya karatasi na Kariakoo, ndiyo maana nami kila jioni napiga kelele kijiweni tupate chombo kimoja, na mkanda ukatwe baada ya kengele, si kabla. Bwana Samson sasa anashonesha kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, anayeweka ule utepe wa kunatana wa viatu vya watoto, unavuta hivi unamtosha mtu yeyote. Mimi nimerudia zipu za mabegi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile tuliondoka ukumbini kwa miguu, mimi na Mwanne, nimembebea begi lake. Nilikuwa nimechangamka. Nilikuwa namwambia jinsi rais alivyojipapasa, jinsi historia itakavyotukumbuka, mimi na yeye, jinsi tulivyowaonyesha. Tulifika karibu na Msimbazi kabla sijamgeukia. Alikuwa analia, anajifuta kwa bandeji ya mkononi ambayo hakuwa ameitoa.

"Nilikuwa nautaka, Mjomba," akasema. "Nilikuwa nautaka kweli."

Nikasimama. Maneno yangu yote ya historia yakaniishia, nikabaki na begi la watu mkononi.

"Najua," nikamwambia. "Kipimo chako ninacho. Lakini sikati mpaka ushinde."